Kufunga TV ya HD nyumbani: maswali mnayoniuliza kila siku hapa Mwanza

Nafunga madishi na ving'amuzi, nimeshazunguka kuanzia Igoma mpaka Igombe na nimeshavuka maji mara kadhaa, na maswali ni yaleyale. Kwaiyo nayaandika hapa ili siku mechi inaanza saa moja usiku na simu inaita mfululizo nikutumie hii tu usome mwenyewe. Sijayapanga vizuri, nimeanza na linaloongoza.

Nimenunua flati kubwa, king'amuzi ni cha HD, kifurushi nimelipia, mbona picha bado ina ukungu?

Kabla hujanitumia meseji nenda nyuma ya TV ukaangalie waya. Ukikuta ule wa vichwa vitatu, njano nyeupe nyekundu, ugonjwa ndo huo. Waya wa AV ni wa enzi za TV ya chogo na haubebi HD hata uufunge kwenye TV ya milioni tano. Unaotakiwa ni wa HDMI, kichwa bapa kimoja tu, picha na sauti vyote vinapita humohumo.

Kuna mzee mmoja Nyakato aliniita analalamika kwamba dukani wamemuuzia TV feki. Inchi 50, kaangalia ligi msimu mzima hivohivo na ukungu wake. Nikauliza boksi la king'amuzi liko wapi, mama akalishusha juu ya kabati, tukafungua, waya wa HDMI umelala humo umeviringwa na kile kikamba chake cheusi hakijawahi kufunguliwa. Nikauchomeka, nikabadilisha sosi kwenye rimoti, mzee akavuta kiti mbele akakaa kimya kidogo alafu akasema, "kumbe huyu kipa ana ndevu."

Ukishachomeka kuna vitu viwili watu wanasahau. Kwanza kwenye rimoti ya TV bonyeza kitufe cha sosi uchague HDMI yenye namba uliyochomeka, maana TV nyingi zina tundu mbili au tatu na ukichagua isiyo yake utaona nyeusi tupu uanze kunilaumu mimi. Pili ingia menyu ya king'amuzi, sehemu ya picha, uangalie imewekwa ngapi. Nimeshakuta ving'amuzi vimewekwa 576, yani kifaa kina uwezo lakini kimeambiwa kitoe picha ya kawaida. Weka 1080, au kama TV yako ni ndogo ya zamani kidogo weka 720.

Na ujue picha inapita mikono minne: chaneli irushwe kwa HD, king'amuzi kiwe cha HD, waya uwe HDMI, TV yenyewe iwe HD. Ni kama wavu wa dagaa, uwe mpya kote lakini una tundu sehemu moja, watapitia hapohapo.

Hizo 576, 720 na 1080 ni nini?

Ni idadi ya mistari ya picha kutoka juu mpaka chini. Picha ya kawaida tunayoipata huku ina mistari 576, HD inaanzia 720, na ile wanaiita Full HD ni 1080 kwa upana wa nukta 1920. 4K ni nukta 3840 kwa 2160 ila hiyo kwenye king'amuzi cha kawaida usiitegemee, TV yako ya 4K itaipokea picha ya 1080 na kuitanua tu, na inatanua vizuri usijali.

Kwenye boksi la TV ukiona imeandikwa HD Ready jua skrini yake kwa kawaida ni 1366 kwa 768. Kwa inchi 32 sebule ndogo mimi sioni shida kabisa, usikope hela kwa ajili ya Full HD ya inchi 32. Kuanzia inchi 43 ndo tofauti inaonekana.

TV yangu ni ya chogo, nikiweka king'amuzi cha HD nitaona HD?

Hapana. King'amuzi kitafanya kazi kama kina tundu la AV ila picha itabaki ya chogo.

Nichukue antena au dishi?

Hili linategemea nyumba yako imekaa wapi, na Mwanza ndo mji wa kuuliza hivo kwa sababu ya mawe. Mawimbi ya antena yanatoka kwenye mnara ulioko hapahapa nchi kavu, yanakuja kwa kunyooka, na yakikutana na mlima au lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba yako hayapindi kona kukufuata. Ndo maana unakuta Igogo au Mabatini mtu wa juu mlimani anaona vizuri na wewe wa bondeni, hatua hamsini tu, unahangaika. Zamani kabla ya 2013 analojia haijazimwa hapa, ungeona chenga lakini mpira ungeufuatilia hivohivo, dijitali haina chenga: ama picha safi, ama inaganda vipande vipande na sauti inakatika.

Dishi linatazama angani, kwaiyo mawe ya bondeni hayalisumbui sana, ilimradi upande linapotazama pawe wazi. Hasara yake ni gharama ya kufunga na mvua, nitafika huko.

Uzuri wa antena ni zile chaneli za bure za nyumbani, TBC1, ITV, Star TV ambayo ni ya hapahapa kwetu, na wenzao. Kwenye madishi ya kulipia habari hiyo ni tofauti, toka ule mvutano wa 2018 wa chaneli za bure kuondolewa, kwaiyo uliza kabla ya kutoa hela, usije ukafika nyumbani mama anatafuta taarifa ya habari ya saa mbili haipo. Wengi ninaowafungia wana vyote, dishi la mpira na tamthilia, na antena ya habari. HDMI mbili, kila kimoja tundu lake.

Jinsi ya kujua antena itashika bila kununua: angalia antena za majirani wa usawa wako zinatazama wapi, uliza wanaona chaneli ngapi. Kama mtaa mzima una madishi matupu hakuna antena hata moja, mtaa umeshakujibu.

Basi king'amuzi gani?

Anza na unachoangalia. Ligi yetu ya Bara iko Azam, walisaini miaka kumi mwaka 2021. Ligi ya Uingereza iko DStv kwenye SuperSport. Kama nyumba ni ya tamthilia na katuni utachagua tofauti na hao wa mpira. Mimi sina upande, nafunga vyote. Ila kabla ya kulipa uliza swali moja tu: hiyo chaneli ninayoitaka ipo kwa HD kwenye kifurushi hiki? Maana kuna king'amuzi cha HD chenye chaneli chache za HD, na mara nyingine chaneli moja iko namba mbili tofauti, moja ya kawaida na moja ya HD, na wewe umezoea ile ya zamani unaibonyeza kila siku.

Dishi nilielekeze wapi?

Swali ninalolipenda. Satelaiti za TV zimekaa juu ya mstari wa ikweta, kilomita kama elfu 36 kutoka chini, na sisi Mwanza tuko chini kidogo tu ya ikweta, nyuzi mbili na nusu. Kwaiyo kwetu madishi hayaonekani kama ya Ulaya yanayotazama ukuta wa jirani, yetu yanatazama juu.

Satelaiti ya Azam iko longitudo ya nyuzi 7 mashariki, na Mwanza tuko karibu nyuzi 33, maana yake iko magharibi yetu. Ukisimama Capripoint ni upande wa maji, kule Kamanga, yani jua linapozamia ila kaskazini kidogo sana, na juu kama nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi. Ya DStv iko nyuzi 36, karibu kabisa na sisi, kwaiyo iko karibu utosini, kama nyuzi 85, imeegemea kaskazini mashariki kidogo.

Sasa hapa ndo wanapoharibu. Madishi haya tunayofunga LNB yake, yani kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi, haikai katikati, imeletwa chini kwa mkono, kwaiyo uso wa dishi unaonekana umeelekea chini zaidi kuliko kule linakotazama hasa, tofauti ni nyuzi ishirini na kitu. Mtu anashusha programu ya kutafuta satelaiti kwenye simu, inamwambia nyuzi 60, anainua uso wa dishi mpaka nyuzi 60, anatafuta wee mpaka jua linazama. Fuata namba zilizochorwa kwenye kile chuma cha nyuma ya dishi, hizo zimeshapigiwa hesabu, na nguzo iwe wima kabisa. Nguzo ikiinama kidogo zile namba zote ni uongo. Weka pima maji, pande mbili, sio kukadiria kwa jicho.

Alafu unasogeza taratibu. Taratibu kweli, nusu sentimita unasubiri sekunde tatu nne king'amuzi kijibu, mtu mwingine ndani anasoma namba kwa sauti. Kwenye menyu kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu usiishangilie, LNB tu ikiwa imechomekwa inaonyesha nguvu. Unachotafuta ni ubora. Ukishaupata endelea kusogeza mpaka uanze kushuka, ndo unarudi pale ulipokuwa juu zaidi unakaza bolti, na unakaza zamu kwa zamu maana ukikaza moja mpaka mwisho dishi linavutika.

Nitajuaje kama mwembe wa jirani unaziba?

Kwa dishi la nyuzi 7, yani la Azam, kuna ujanja wa bure. Tarehe 21 au 22 ya Machi na ya Septemba, saa tisa kasoro alasiri, jua linakuwa palepale ilipo satelaiti. Simama unapotaka kuweka dishi, kama jua la saa hiyo linakupiga usoni pako wazi, kama uko kivulini tafuta pengine. Siku nyingine za mwaka jua linahama kaskazini au kusini kwaiyo usilitumie.

Ndo maana picha yangu ilikatika mchana wa Machi bila mvua?

Ndo hivo hivo. Jua likipita nyuma ya satelaiti linamwaga kelele zake kwenye dishi, picha inapotea dakika chache, inarudi, na kesho yake inaweza kurudia. Kwa la nyuzi 36, la DStv, inatokea saa sita na nusu mchana hivi. Usipande juu ya bati kugusa dishi! Kuna kijana Buzuruga alipanda akazungusha, jua likapita, picha haikurudi, nikaitwa kesho yake.

Dishi nilifunge kwenye bati, ukutani au kwenye jiwe?

Bati hapana. Upepo wa ziwani unalitikisa bati, dishi linahama milimita, HD inaganda, na pale ulipotoboa maji yanaingia. Ukuta wa tofali imara ni sawa. Jiwe ndo namba moja, tumejaliwa mawe kuliko mji wowote, ukitoboa ukaweka bolti zile zinazotanuka dishi halisogei miaka. Tatizo la jiwe ni kwamba wapangaji wote wanaanika nguo hapohapo, na khanga iliyolowa ikining'inia mbele ya LNB ni sawa na kuzima TV. Na wapo korongo. Dada mmoja Kirumba alinipigia mara tatu kwa mwezi, picha inapotea asubuhi, nikaja nikaketi nikasubiri, nikaona korongo mkubwa anakuja kutua juu ya dishi kama ofisi yake, anashangaa shangaa anaondoka. Tulilishusha tukalifunga chini ya ukingo wa ukuta, akahamia kwa jirani.

Waya wa dishi una tofauti yoyote au ni waya tu?

Una tofauti kubwa na hapa ndo mafundi wanaokoa elfu tano wanakuharibia. Dai RG6, ndo jina la aina ya waya, limeandikwa juu yake. Uwe mmoja kutoka dishi mpaka king'amuzi, usiungwe katikati. Nilifungua dari nyumba moja Mkolani, fundi aliyetangulia kaunga waya sehemu tatu kwa kusokota kama waya wa umeme alafu akazungushia tepu nyeusi, na mwenye nyumba kabadilisha king'amuzi mara mbili akidhani ni kibovu. Ukikata waya kuweka koneta, kile kichwa cha chuma cha mwisho wa waya, hakikisha zile nyuzi nyembamba za nje hata mmoja haugusi waya wa katikati. Na pale unapoingilia nyumbani acha waya ushuke kidogo kama tumbo kabla ya kupanda kuingia, ili maji ya mvua yadondokee hapo yasiufuate mpaka ndani.

Mvua ikinyesha picha inapotea, dishi ni bovu?

Sio lazima. Mawimbi ya satelaiti ni mafupi, kama sentimita mbili na nusu, na matone makubwa ya mvua yanayameza. Mvua yetu ya ziwani ile inayokuja alfajiri na ngurumo, wingu jeusi linatoka majini, hiyo hata dishi zuri linaweza kuzima dakika kumi, vumilia. Lakini kama manyunyu tu yanazima, ubora wako ni mdogo hata siku ya jua, dishi limehama au koneta imeingia maji. Angalia ubora siku ya mbingu nyeupe uandike kwenye karatasi, ubandike nyuma ya king'amuzi, ili siku ya shida tuwe na cha kulinganisha. Na kama unafunga upya chukua dishi kubwa kidogo, sentimita 90 inahimili kuliko 60.

Radi je?

Hapa sikilizeni jamani. Ukanda huu wa ziwa una radi nyingi kuliko sehemu nyingi duniani na mimi fundi mwenyewe nimeunguza. Ngurumo zilianza nikachomoa plagi ukutani nikalala nimejiona mjanja, waya wa dishi nikauacha. Asubuhi king'amuzi hakiwaki na tundu la HDMI la TV limekufa nalo. Radi haikupita kwenye umeme, ilipita kwenye waya wa dishi. Kwaiyo unachomoa vyote viwili, plagi na waya wa dishi, na unachomoa wingu likiwa bado mbali, sio radi ikiwa juu ya nyumba umeshika koneta mkononi.

Umeme wa kawaida nao unapanda na kushuka, hasa ukikatika na kurudi. Nunua kile kifaa cha kulinda TV kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme. Hakizuii radi lakini, wengi wanachanganya.

Picha ipo safi ila watu wamenenepa, au maandishi ya pembeni yamekatwa

Setingi ya umbo la picha. King'amuzi weka 16:9, TV nayo weka 16:9, na TV nyingi zina sehemu inayokuza picha kidogo, izime.

Picha ipo, sauti hakuna

Menyu ya sauti kwenye king'amuzi, toa Dolby weka PCM. Kama bado, geuza waya wa HDMI au ubadilishe.

Nataka TV ya chumbani nayo ionyeshe, king'amuzi kimoja

Ukiweka kigawanyo cha HDMI TV zote mbili zitaonyesha kitu kimoja, baba akiweka mpira na chumbani ni mpira, sasa hapo mjipange wenyewe kifamilia. Waya wa HDMI wa kawaida ukizidi mita kumi unaanza kukatakata picha, usiupitishe nyumba nzima. Kama mnataka chaneli tofauti ni ving'amuzi viwili na LNB ya vichwa viwili, dishi moja linatosha.

Si bora niangalie kwa intaneti tu, niachane na dishi?

Inawezekana, ila piga hesabu ya bando. HD kwa intaneti inakula kama GB 3 kwa saa, na unahitaji kasi ya kama megabiti 5 kwa sekunde isiyoyumba. Mechi moja na mapumziko yake ni karibu GB 6. Kama una fayiba nyumbani isiyohesabu GB sawa, mimi mwenyewe katuni za watoto ziko huko. Kwa bando la simu, mechi nne zimeisha na hela ya kifurushi cha mwezi imeisha. Na intaneti inachelewa, jirani wa dishi atashangilia goli wewe bado unaona kona inapigwa.

Nimepanga, mwenye nyumba hataki nitoboe ukuta

Nguzo kwenye ndoo ya zege. Ndoo ya lita 20, bomba katikati, unasimamisha kwa pima maji, unaacha ikauke siku mbili tatu. Ukihama unabeba, ni nzito lakini ni yako.

Niko Ukerewe, natumia sola

Geuza adapta ya king'amuzi usome, nyingi zimeandikwa 12V, hiyo unaweza kuilisha kutoka kwenye betri bila inveta, ila umeme uwe umetulia na utumie kichwa chenye ncha sawa, chanya na hasi usigeuze. Kuna TV za 12V pia na nyingine ni HD kabisa, uliza kabla hujanunua. Upande wa dishi mtu wa kisiwani una raha, hakuna ghorofa, na visiwani mara nyingi magharibi ni maji matupu. Nikija Nansio napanda meli na dishi lako mgongoni, nauli ni juu yako.